Mstari Uliofutika: Kutambua Vifuko vya Hewa Vilivyojaa Kwenye Picha ya Kifua

Mgonjwa akiambiwa kwamba picha imeonyesha "maji kwenye mapafu", ameambiwa moja kati ya mambo mawili yasiyofanana. Huenda maji yako nje ya pafu, kati ya pafu na ukuta wa kifua, mahali ambapo sindano inaweza kuyafikia na kuyatoa. Au maji yamejaa ndani ya vifuko vya hewa vyenyewe, na hapo hakuna sindano itakayosaidia. Moyo, figo au sababu nyingine ndiyo ya kushughulikiwa. Kiswahili cha wodini hutumia maneno yaleyale kwa yote mawili. Picha ndiyo inayotenganisha, ila msomaji awe anajua anatafuta nini.

Hapa tunazungumzia hilo la pili: vifuko vya hewa vilivyojaa kitu kisicho hewa. Kinachoandikwa ni kwa tabibu au daktari wa zamu ambaye picha imemfikia saa nane usiku, na mtaalamu wa radiolojia yuko mji mwingine.

Tuanze na fizikia kidogo, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Picha ya kawaida ya eksirei hutofautisha madaraja matano tu: hewa, mafuta, maji, mfupa na metali. Usaha uko daraja la maji. Damu pia. Moyo, misuli, ini, uvimbe wa saratani, vyote daraja hilohilo. Kwa hiyo picha haioni nimonia hata siku moja. Inaona kwamba mahali palipotakiwa kuwa na hewa, hewa haipo. Jina la kilichojaa hutoka kwa mgonjwa, kwa homa yake, kwa makohozi yake na kwa muda aliougua. Na tukumbushane jambo moja la lugha: tunachokiita "kivuli" kwenye picha ya kifua ni cheupe. Anayeanza kujifunza huchanganyikiwa nalo, na ana haki.

Sasa, vifuko vya hewa havikai kila kimoja peke yake kama vyumba vilivyofungwa. Vina vitundu vidogo vinavyoviunganisha na jirani zao, hivyo kimiminika kikiingia kimoja huvuja hadi cha pili na cha tatu. Ndiyo maana weupe wa ugonjwa huu huwa na kingo zisizo kali, kama pamba iliyochambuliwa, na madoa madogo ya milimita 6 hadi 10 huungana yakawa wingu moja. Uvujaji huo hukoma tu unapokutana na ufa unaotenganisha lobu moja, yaani sehemu kuu ya pafu, na nyingine. Hapo ukingo huwa mkali ghafla, kana kwamba umekatwa kwa rula. Wingu lisilo na ukingo upande wa juu lakini lenye mstari ulionyooka chini yake, katikati ya pafu la kulia, ni lobu ya juu iliyojaa ikakaa juu ya ufa wa mlalo.

Kabla ya kutazama pafu lenyewe, tazama picha imepigwaje. Si urasimu. Picha mbaya hutengeneza nimonia pasipo nimonia. Picha nzuri ya mtu mzima hupigwa akiwa amesimama, kifua kimegusa kaseti yenye filamu, miale ikiingia mgongoni kutoka umbali wa sentimita 180. Hesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, upande wa kulia: 9 au 10 zinatosha. Zikiwa 7, mgonjwa hakuvuta pumzi ya kutosha. Mishipa ya chini imebanana, sehemu za chini za mapafu zimekuwa nyeupe pande zote mbili, na moyo umetanuka. Wengi wamepewa dawa za nimonia kwa sababu ya pumzi fupi tu. Kisha angalia ncha za ndani za mitulinga: kila moja iwe mbali sawa na mwiba wa pingili ya uti wa mgongo ulio katikati yao. Mgonjwa akiwa amegeuka kidogo, pafu moja litaonekana jeusi kuliko lenzake, na kivuli cha mishipa kitavimba upande mmoja bila sababu. Mwisho, pingili zionekane kwa mbali nyuma ya moyo. Zisipoonekana kabisa, usiseme lolote kuhusu lobu ya chini ya kushoto, maana hujaiona.

Picha ya kitandani ni habari nyingine. Miale inaingia kifuani mbele, mashine iko karibu, mara nyingi kama mita moja, na moyo hukuzwa. Ile kanuni kwamba upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua kwa ndani haitumiki hapo. Makombe ya mabega huangukia juu ya mapafu, na maji yaliyo nje ya pafu, badala ya kukaa chini kwenye kona, hutandaa mgongoni na kulifanya pafu zima liwe na ukungu. Ukungu huo hauna kingo, hauna mirija ya hewa ndani yake, na mishipa ya pafu bado huonekana kupitia kwake.

Sasa tufike kwenye alama ambayo, tukilazimika kufundisha moja tu, tungefundisha hiyo. Mtaalamu wa radiolojia Benjamin Felson aliieleza mwaka 1950, na tangu hapo haijapitwa na mashine yoyote. Ukingo wa moyo unaonekana kwa sababu moyo wa daraja la maji umepakana na pafu la daraja la hewa. Pafu lililogusana na ukingo huo likijaa, maji yanapakana na maji, na mstari unafutika. Kwa hiyo usitafute weupe kwanza. Tafuta mstari uliotakiwa kuwepo na haupo.

Pitia mistari hiyo mmoja mmoja kwa kidole. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, ni lobu ya kati ya pafu la kulia. Kiwambo cha kulia kikifutika, ni lobu ya chini ya kulia. Weupe ukiwa chini kulia huku ukingo wa moyo umebaki mkali kama wembe, lobu ya kati iko salama na ugonjwa uko nyuma, lobu ya chini. Hapo umetaja mahali kwa picha moja tu, bila picha ya ubavu. Kushoto, ukingo wa moyo ukifutika ni lingula, ile sehemu ya chini ya lobu ya juu ya kushoto. Kiwambo cha kushoto kikifutika, au ule mstari wa aota (mshipa mkuu utokao moyoni) inayoshuka kando ya uti wa mgongo, ni lobu ya chini ya kushoto. Nundu ya aota ikipotea upande wa juu kushoto, tazama lobu ya juu kwa nyuma. Aota inayopanda ikipotea upande wa kulia, ni lobu ya juu ya kulia kwa mbele.

Lobu ya chini ya kushoto ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa sehemu yake kubwa imejificha nyuma ya moyo. Jicho likishauona moyo huridhika. Moyo mzima unatakiwa uwe na weupe unaolingana, na mishipa myembamba ya pafu ionekane kupitia kwake. Upande wake wa kushoto ukiwa mweupe kuliko wa kulia, na kiwambo kinakatika kinapofika nyuma yake, umeshapata ugonjwa. Picha ya ubavu ikipatikana, shuka na pingili kutoka juu kwenda chini: zinatakiwa zizidi kuwa nyeusi kadiri unavyoshuka. Zikianza kuwa nyeupe tena karibu na kiwambo, kuna lobu ya chini iliyojaa, hata kama picha ya mbele ilionekana safi.

Alama hii nayo hudanganya, na ni vizuri kujua lini. Mtu mwenye kidari kilichobonyea ndani hupoteza ukingo wa kulia wa moyo miaka yote bila kuugua. Mafuta yanayokaa kwenye pembe kati ya moyo na kiwambo hufuta kipande kidogo cha mstari kwa watu wanene. Na kwa picha ya ubavu, sehemu ya mbele ya kiwambo cha kushoto hupotea kwa kawaida kwa sababu moyo umeikalia.

Alama ya pili ni mirija ya hewa inayoonekana ndani ya weupe. Mtaalamu mwingine wa radiolojia, Felix Fleischner, aliandika juu yake mwaka 1948. Kwenye pafu lenye afya hatuoni matawi ya mirija, kwa sababu kuta zake ni nyembamba na ni hewa ndani ya hewa. Vifuko vinavyoizunguka vikijaa na mirija yenyewe ikabaki wazi, inajitokeza kama matawi meusi ya mti ndani ya wingu jeupe. Ukiyaona matawi hayo, uko ndani ya pafu. Maji ya nje ya pafu hayana mirija ndani yake. Lakini usiyaone kwa nguvu: nafasi nyeusi kati ya mishipa miwili iliyokaribiana huweza kufanana na mrija. Mrija wa kweli hugawanyika na kuendelea kuwa mwembamba.

Kutokuonekana kwa mirija hakuuondoi ugonjwa. Mirija yenyewe inaweza kuwa imejaa makohozi, au uvimbe umeziba njia huko juu. Mvutaji sigara wa miaka mingi mwenye lobu iliyojaa isiyo na mrija hata mmoja ndani yake ni mtu wa kutafutiwa uvimbe.

Kabla ya kuandika neno "nimonia" juu kabisa ya pafu, au "TB" kama mkono unavyoelekea kuandika kwetu, mwangalie mgonjwa kichwani. Misuko, rasta na nywele za bandia zikianguka shingoni hutoa weupe wenye mistari juu ya mtulinga, mahali hasa panapopendwa na kifua kikuu. Dawa yake ni kufuata mistari hiyo: ikivuka mpaka wa pafu na kupanda shingoni, ni nywele. Zifungwe utosini, picha irudiwe. Shanga, hirizi, vifungo vya sidiria na fundo la kanga vina hadithi zao. Chuchu huonekana kama vinundu viwili chini ya mapafu, na moja ikionekana peke yake huleta mjadala mrefu. Kibanio kidogo cha chuma kikibandikwa juu yake na picha kurudiwa, mjadala unaisha. Aliyeondolewa titi moja atakuwa na pafu jeusi upande huo, na pafu lenye afya la upande mwingine litaonekana kana kwamba limejaa. Mkunjo wa ngozi kwa mgonjwa mzee aliyelala kitandani huacha ukingo mrefu unaovuka mbavu na kutoka nje ya kifua.

Kuna magonjwa matatu yanayovaa sura ya vifuko vilivyojaa. La kwanza ni pafu lililosinyaa. Lobu iliyojaa huhifadhi ukubwa wake: hewa imetoka, kitu kingine kimeingia. Lobu iliyosinyaa imepungua, na kila kilicho jirani huvutwa kuja kuziba pengo. Ufa umehama. Kiwambo kimepanda. Kumbuka cha kulia huwa juu kidogo kuliko cha kushoto kwa kawaida, na kitovu cha pafu la kushoto, pale mishipa na mirija inapoingia, huwa juu kidogo kuliko cha kulia. Mpangilio huo ukigeuka, jiulize nani amevuta. Mara nyingine yote mawili yapo pamoja, lobu imejaa na imesinyaa kiasi, na si kosa kuandika hivyo.

La pili ni maji ya nje ya pafu. Kwa aliyesimama, hukaa chini na kupanda ubavuni kwa mkunjo kama wa bakuli. Kona ya chini ya pafu hujaa, lakini yanahitajika kama mililita 200 au zaidi ndipo picha ya mbele ionyeshe. Kwa hiyo kona kali haimaanishi hakuna maji. Ultrasaundi ikiwepo huyaona yakiwa kidogo zaidi, na kwa uhakika zaidi.

La tatu ni magonjwa ya nyuzi za pafu, yale yanayokaa kwenye kuta kati ya vifuko na kuviacha vyenyewe wazi. Hayo hutoa mistari, wavu na vinundu vidogo vyenye kingo kali visivyoungana, na hewa inaonekana katikati yake. Kifua kikuu cha punje ndogondogo kama mtama ni mfano wake.

Upande mzima wa kifua ukiwa mweupe, nenda moja kwa moja kwenye bomba la pumzi. Likivutwa kuelekea weupe, pafu limesinyaa au liliondolewa. Likisukumwa mbali nao, ni maji mengi nje ya pafu. Likibaki katikati, pafu lenyewe huenda limejaa, au maji na kusinyaa vinavutana kwa nguvu sawa. Jambo hili ni la kuamuliwa kabla sindano haijashikwa.

Basi tumeshakubaliana kwamba vifuko vimejaa. Vimejaa nini? Usaha, maji, damu, matapishi au seli za saratani. Picha moja haijibu, ila saa na ramani husaidia.

Saa kwanza. Kinachotokea na kuondoka kwa saa au siku chache ni maji au damu. Mgonjwa wa moyo aliyepewa furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, anaweza kuwa na picha tofauti kabisa kesho yake. Pafu lililopondwa katika ajali huanza kuonyesha weupe ndani ya saa 6 hivi, na kwa kawaida huanza kusafika baada ya siku mbili tatu. Weupe ukizidi kuongezeka baada ya hapo, tafuta kingine. Nimonia huchukua wiki. Mgonjwa hupona kabla ya picha yake, na ni kosa kuendelea kubadilisha dawa kwa mtu asiye na homa tena na anayekula vizuri, eti kwa sababu wingu bado lipo siku ya nane. Mwanzoni hali hugeuka: nimonia ya saa chache inaweza kuwa na picha safi.

Weupe unaopita wiki nne hadi sita bila kuondoka si nimonia ya kawaida tena. Kwetu, makohozi kwa GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, yatangulie kila kitu. Baada ya hapo kuna saratani ya aina inayotambaa juu ya kuta za vifuko na kuiga nimonia vizuri sana, na kuna mafuta yaliyoingia mapafuni kidogo kidogo kwa njia ya pua au mdomo.

Ramani sasa. Maji ya moyo au ya figo hupenda katikati, yakizunguka vitovu vya mapafu pande zote mbili kama mabawa ya popo, na kuacha ukanda mweusi pembezoni. Tafuta wenzake: moyo mpana, mishipa ya juu iliyonenepa kuliko ya chini, mistari mifupi ya sentimita moja au mbili iliyolala pembezoni chini ikigusa ukuta wa kifua, na maji kidogo kwenye kona zote mbili. Maji haya yanaweza kuegemea upande mmoja ikiwa mgonjwa amelalia upande huo kwa muda mrefu. Na valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, ikianza kuvuja ghafla, maji huweza kukusanyika zaidi lobu ya juu ya kulia na kufanana na nimonia. Mahali ambapo homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya vijana, hilo ni la kukumbukwa. Weupe wa pande zote mbili na moyo wa ukubwa wa kawaida, kwa mgonjwa aliyezidiwa ndani ya wiki moja baada ya maambukizi makali ya damu au jeraha kubwa, ni mapafu yaliyovuja kwa sababu kuta zake zimeharibika, si moyo uliochoka.

Matapishi au chakula kilichopotea njia hufuata mvutano wa dunia. Aliyelala chali, baada ya kifafa, pombe au dawa ya usingizi, hupata weupe sehemu za nyuma za lobu za juu na sehemu za juu za lobu za chini. Aliyekuwa ameketi hupata chini kabisa. Kulia huathirika zaidi, kwa kuwa mrija mkuu wa kulia ni mpana na umenyooka zaidi.

Kifua kikuu cha mtu mzima hukaa juu na nyuma, au sehemu ya juu ya lobu ya chini, na huacha mapango. Hivyo ndivyo darasa linavyofundisha. Kwa mwenye VVU ambaye CD4, seli zake za kinga, zimeshuka chini ya 200, darasa hilo halitoshi: weupe unaweza kuwa chini au katikati, bila pango, ukiambatana na tezi zilizovimba kwenye vitovu vya mapafu, na wakati mwingine picha ni safi. Ukungu mwepesi wa pande zote mbili kutoka vitovuni, kwa mgonjwa anayetweta kuliko picha inavyoeleza na asiye na maji kwenye kona, uelekeze fikra kwenye nimonia ya pneumosistisi, inayoletwa na kuvu. Hiyo nayo mwanzoni huweza kujificha kabisa.

Neno moja kuhusu picha zinazotumwa kwa WhatsApp, kwa sababu ndivyo nyingi zinavyosomwa siku hizi. Filamu ibandikwe kwenye kisanduku cha taa, au ikikosekana, kwenye dirisha lisilo na miti wala nondo nyuma yake. Zima fleshi. Simu iwe sambamba na filamu. Ikiinama, moyo unapanuka na kona moja inakatwa. Tuma ya kwanza ikiwa nzima, na alama ya kulia au kushoto ionekane, ndipo uongeze za karibu. Weupe mwembamba nyuma ya moyo hupotea kwenye picha ya simu, kwa hiyo jibu la "naona safi" kutoka upande wa pili lisikuzuie kurudi kwenye filamu yenyewe.

Katika kuandika ripoti, eleza kwanza, taja jina baadaye. Mfano: "Weupe usio na kingo kali, chini kulia, mirija ya hewa ikionekana ndani yake. Kiwambo cha kulia kimefutika. Ukingo wa kulia wa moyo upo. Hakuna dalili ya kusinyaa. Kona ya kulia ina maji kidogo. Lobu ya chini ya kulia imejaa. Kwa homa ya siku tatu, nimonia ndiyo inayoelekea zaidi." Atakayeisoma akijua kwamba mgonjwa huyo alizama mtoni jana anaweza kubadilisha sentensi ya mwisho pekee, na zilizotangulia zikabaki kweli.

Kisha ongeza tarehe ya picha ya marudio. Kwa aliyevuka miaka 50, kwa mvutaji sigara, na kwa yeyote ambaye dalili hazijaisha, ni baada ya wiki 6. Iandikwe kwenye kadi yake, siyo kwenye faili linalobaki hospitali.